Kanisa Linapokuwa Mwajiri: Mwongozo wa Kazi kwa Anayesemwa Kupenda Jinsia Yake, Lubumbashi

Lubumbashi, ukiacha migodi, Leta (serikali) na biashara, mwajiri anayebaki ni kanisa. Parokia ina shule, masista wana dispansari, Wamethodisti wana shule na hospitali, makanisa ya uamsho yana redio na televisheni. Nyuma ya kila mlango huo kuna muuguzi, dereva, mlinzi, mwalimu, mpishi, mtu wa hesabu. Wengi wao waliweka sahihi kwenye kontra (mkataba wa kazi) yenye sentensi moja kuhusu "maadili ya Kikristo", na hakuna aliyewaeleza maana yake.

Mwongozo huu ni wa siku sentensi hiyo inapotolewa kabatini: mfanyakazi amesemwa kwamba anapenda watu wa jinsia yake, iwe kweli iwe uvumi, na mwajiri anataka aondoke. Nimeuandika kwanza kwa mfanyakazi, kwa kuwa ndiye anayepoteza mshahara. Lakini mwajiri ana sehemu yake mwishoni, na ningependa padri au pasta aisome kabla ya kupiga muhuri kwenye barua. Kama jambo lenyewe ni dhambi au si dhambi, sitaligusa. Enspekteri wa kazi, yaani mkaguzi wa Leta, hapimi dhambi. Mbele yake kuna Code du travail, sheria ya kazi.

Sheria inasema wapi, inanyamaza wapi

Tuanze na hofu inayowafanya watu wasaini chochote wanachowekewa mezani. Sheria ya jinai ya Kongo haina kifungu kinachofanya mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja, kwa hiari yao na faraghani, kuwa kosa. Mapendekezo ya kuyafanya kosa yalipelekwa bungeni mwaka 2010 na tena mwaka 2013, hayakuwa sheria. Kilichopo ni kifungu cha 176, kinachohusu kuvunja adabu hadharani, ambacho polisi hukivuta mpaka kifike wanapotaka. Kwa hiyo mtu akikuambia "saini hapa, la sivyo nakupeleka parquet", yaani kwa mwendesha mashtaka, anakutisha kwa kitu ambacho sheria haikumpa. Lakini uvumi wa mtaani na askari mwenye njaa havisubiri sheria, ndiyo maana nitazungumzia usalama karibu kwenye kila hatua.

Waajiri hupenda pia kutaja kifungu cha 40 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kinachosema ndoa ni kati ya watu wa jinsia tofauti. Ni kweli kinasema hivyo. Kinahusu ndoa, hakisemi lolote kuhusu nani apime homa kwenye dispansari.

Sasa upande wa pili, nao usitiwe chumvi. Katiba, kifungu cha 36, inakataza mtu kudhulumiwa kazini kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake, imani yake au hali yake ya maisha. Code du travail, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 62, inataja sababu ambazo haziwezi kumfukuzisha mtu: uanachama wa sendika (chama cha wafanyakazi), rangi, jinsia, hali ya ndoa, mimba, dini, siasa, kabila na nyingine. Kupenda jinsia yako hakumo kwenye orodha hizo. Anayekuambia kwamba sheria ya Kongo inakulinda kwa jina anakudanganya, hata kama nia yake ni njema.

Kinga yako iko mwanzoni mwa kifungu hichohicho cha 62, kwenye sentensi ambayo watu huiruka wakikimbilia orodha. Kontra isiyo na mwisho haiwezi kuvunjwa na mwajiri isipokuwa kwa sababu halali inayohusu uwezo wa mfanyakazi, au mwenendo wake "sur les lieux de travail dans l'exercice de ses fonctions", au mahitaji ya uendeshaji wa shirika. Nimeyaacha maneno hayo kwa Kifaransa kwa sababu hivyo ndivyo utakavyoyanakili kwenye barua zako. Mahali pa kazi, katika kutekeleza kazi. Nani anakuja kwako Bel-Air Jumamosi usiku hayumo humo. Na orodha ya sababu batili inaanza na "notamment", maana yake ni mifano, haijafungwa.

Mwajiri naye ana silaha yake: kifungu cha 74, kinachotaja makosa mazito yanayoruhusu kumfukuza mtu papo hapo. Kimojawapo ni kufanya "faits immoraux pendant l'exécution du contrat". Hapa ndipo vita yote inapopiganwa. Mwajiri wa kidini atasoma: matendo machafu wakati wowote kontra ikiwa hai, hata ukiwa chumbani kwako. Wewe utasoma: matendo yaliyofanyika katika kuitekeleza kontra, yaani kazini. Usomaji wako unaenda sambamba na kifungu cha 62. Wa mwajiri unakigonga. Lakini usiende ukidhani jaji atakubali bila kusukumwa.

Jambo la mwisho kabla ya hatua: Code du travail haina kifungu kinacholitoa kanisa nje. Kifungu cha kwanza kinawataja waziwazi wafanyakazi wa mashirika ya kijamii, ya kitamaduni, ya kijumuiya na ya hisani.

Usichanganye video za Marekani na kontra yako

Watu wengi hufika na habari walizoziona kwenye simu. Marekani, tarehe 15 Juni 2020, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Bostock, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba kumfukuza mtu kwa sababu ni shoga ni ubaguzi wa jinsia chini ya sheria ya mwaka 1964. Wiki chache baadaye mahakama hiyohiyo ilipanua kinga ya makanisa: mwalimu wa shule ya Kikatoliki anayefundisha dini anahesabiwa karibu kama mhudumu wa altare, na mahakama haiingilii kufukuzwa kwake. Hukumu zote mbili ni za huko. Hazikufungi, hazikuokoi.

Kilicho na faida kwetu ni swali ambalo majaji wa nchi nyingi wanaishia kuuliza: kazi ya mtu huyu ilikuwa nini hasa? Mwaka 2008, Afrika Kusini, mwalimu wa muziki aliyefundisha kwenye chuo cha sanaa cha kanisa moja la Kiprotestanti la Pretoria alishinda kesi ya Strydom. Kanisa lilimwondoa lilipojua ana mpenzi mwanaume, na mahakama ikaona kwamba kufundisha muziki si kuongoza imani ya watu. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, siku moja, tarehe 23 Septemba 2010, ilitoa hukumu mbili kuhusu waajiri wa kidini wa Ujerumani waliofukuza watu kwa uhusiano wa nje ya ndoa: mpiga kinanda wa parokia alishinda, mkurugenzi wa mahusiano ya umma wa Wamormoni alishindwa. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa uso wa kanisa mbele ya watu. Na mwezi Novemba 2022 maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani walibadilisha wenyewe kanuni zao za ajira, wakasema maisha ya ndani ya mapenzi ya mfanyakazi si jambo la mwajiri kulihukumu. Hilo la mwisho lihifadhi. Kwenye ofisi ya padri lina uzito kuliko hukumu yoyote ya Washington.

Hatua ya kwanza: jua wewe ni nani kwenye karatasi

Kama wewe ni padri, sista, mchungaji au katekista mkuu, mwongozo huu haukufikii. Katiba inalinda uhuru wa dini kwenye kifungu cha 22, na kanisa kuchagua wahudumu wake ni kiini cha uhuru huo. Utabaki na njia za ndani za kanisa lako.

Kama ni mwalimu wa shule ya "conventionnée" na mshahara wako unatoka Kinshasa kwa namba ya matrikule, mambo ni mchanganyiko. Kanisa linasimamia shule kwa mkataba uliowekwa sahihi na Leta mwaka 1977, ila mlipaji ni Leta, na watumishi wa Leta wana sheria yao. Koordinasio ya kanisa, yaani ofisi yake ya shule, inaweza kukuondoa kwenye shule yake. Kukuondoa kwenye kazi ya ualimu ni jambo jingine. Nenda kwenye sous-division (ofisi ya elimu ya eneo) na kwa sendika ya walimu mapema, na uombe kila uamuzi kwa maandishi.

Wengine wote, yaani wauguzi, wahasibu, walinzi, madereva, walimu wa shule binafsi ya kanisa, mafundi wa redio, mko ndani ya Code du travail kama mfanyakazi wa kiwanda. Huna kontra iliyoandikwa? Sheria inachukulia kwamba kontra yako haina mwisho, na unaruhusiwa kuithibitisha kwa njia yoyote: karatasi za mshahara, kadi ya kazi, ujumbe wa WhatsApp wa mkuu wako, namba yako ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama una kontra ya muda maalumu, kumbuka kwamba mwajiri akiivunja kabla ya wakati bila haki unamdai mishahara na marupurupu ya miezi iliyobaki.

Hatua ya pili: soma sentensi ya maadili kwa kalamu mkononi

Chukua kontra na kanuni za ndani za shirika, uangalie mambo mawili tu. Je, sentensi inasema mwenendo gani, au imeachwa iende kokote? "Kuheshimu maadili ya Kikristo" haimwambii mtu yeyote nini kimekatazwa. Na je, wengine wanahukumiwa kwa sentensi hiyohiyo? Mhasibu mwenye mke wa pili Kasumbalesa, muuguzi aliyezaa bila ndoa, dereva anayelewa kila Ijumaa: kama hao wako kazini na wewe peke yako ndiye unayeitwa, andika. Usiandike majina kwa ajili ya kuwachoma. Andika kwamba kipimo hakikutumika kwa wote. Hiyo ni hoja ambayo majaji wanaielewa haraka, kwa sababu kila mtu Lubumbashi anazijua parokia.

Hatua ya tatu: unapoitwa ofisini

Kwa kawaida haianzi na barua. Inaanza na "njoo tuzungumze kama mtoto wangu". Mama mkuu au padri wa uchumi (mtunza fedha) anafunga mlango, anakuuliza kwa upole, na mezani kuna karatasi iliyokwisha kuandikwa: barua ya kuacha kazi kwa hiari yako. Ataongeza kwamba hivyo itakuwa vizuri kwa jina lako.

Usiisaini. Anayeacha kazi mwenyewe anatoa zawadi: hakuna sababu ya kuthibitisha, hakuna fidia, na preavi, yaani notisi ya kabla ya kuacha kazi, anadaiwa yeye. Ukiona huwezi kutoka chumbani bila kuandika kitu, andika "nimepokea" na tarehe, si "nakubali". Kama ulikwisha kusaini kwa kulazimishwa, siku hiyohiyo au kesho yake peleka barua inayosema ulisaini kwa shinikizo, nani alikuwepo, saa ngapi. Ikichelewa mwezi, hakuna atakayeiamini.

Usikiri, usikanushe. Najua mtu hutamani kusema ukweli mbele ya kiongozi wa roho anayemheshimu. Lakini huyo, saa hiyo, ni mwajiri, na utakachosema kitaingia kwenye faili. Kukanusha nako kuna hatari, kwa sababu kesho likitokea jambo utaitwa mwongo, na uongo kazini ni kosa linalosimama lenyewe. Jibu ni moja, kwa adabu: "Mon père, hayo ni maisha yangu ya faragha. Kuhusu kazi yangu niko tayari kujibu swali lolote."

Simu usiitoe. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha na siri ya mawasiliano. Wala usikubali kupelekwa kupimwa Ukimwi kama masharti ya kubaki kazini. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda watu wenye virusi dhidi ya mambo kama hayo, na kipimo hakithibitishi chochote kuhusu nani unampenda.

Hatua ya nne: "demande d'explication"

Barua hii ya kutaka maelezo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote, na watu wengi huijibu vibaya kwa hasira au kwa machozi. Ikija, inakuwa na muda mfupi, mara nyingi saa 48. Jibu lazima liwe la maandishi, nakala mbili, moja ipigwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa. Kama sekretari anakataa kusaini akize (kwamba amepokea), mwite mwenzako ashuhudie, au peleka kwa barua yenye risiti.

Jibu liwe fupi. Tuseme muuguzi wa dispansari ya kanisa Katuba ameulizwa "aeleze uhusiano wake na kijana anayeonekana kwake, unaoleta aibu kwa shirika". Aya ya kwanza inarudia swali lao lilivyo, kwa alama za kunukuu, ili libaki kwenye karatasi yako. Aya ya pili ni sentensi moja: "Ces questions relèvent de ma vie privée et sont sans rapport avec l'exercice de mes fonctions", yaani maswali haya ni ya maisha yangu ya faragha na hayahusiani na kazi yangu. Aya ya tatu ni kazi: tangu mwaka gani yuko hapo, kwamba hajawahi kupata onyo, kwamba anaomba aelezwe kosa gani la kazi analotuhumiwa, siku gani, kwa mgonjwa gani. Basi. Hakuna Biblia, hakuna kuomba huruma, hakuna kumtaja mpenzi wala kumkana.

Aya ya tatu ndiyo inayowabana. Mwajiri sasa achague: aseme ni jambo la faragha, ambalo kifungu cha 62 hakikuliruhusu, au atafute kosa la kazi ambalo hana.

Hatua ya tano: barua ikitoka, isome kama mhasibu

Kufukuzwa lazima kuwe kwa barua, na barua lazima itaje sababu. Ukiambiwa kwa mdomo usirudi kesho, rudi kesho na shahidi, kisha andika kwamba ulifika ukazuiwa getini. Vinginevyo watasema ulitoroka kazi.

Barua hizi huwa na moja ya nguo tatu. Ya kwanza ni kosa zito, kwa maneno ya kifungu cha 74. Hapo tazama kalenda kwanza: mwajiri anayefukuza kwa kosa zito anapaswa kukujulisha kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipolijua jambo. Kama uvumi ulifika ofisini mwezi Januari, ukaitwa Februari, na barua ina tarehe ya Aprili, basi demande d'explication uliyoihifadhi, yenye tarehe yao wenyewe, inawashtaki. Faili nyingi zinafungukia hapo, kwenye tarehe, kabla hata maadili hayajatajwa.

Ya pili ni "perte de confiance", kupoteza imani. Neno hilo tupu halitoshi. Imani imepotea kwa tendo gani la kazini? Ya tatu ni ya ujanja zaidi: kupunguza wafanyakazi. Uliza kama nafasi yako imefutwa kweli. Wakimweka mtu mwingine kwenye meza ileile mwezi unaofuata, piga picha ya ratiba ya zamu yenye jina lake.

Halafu fedha. Bila kosa zito, preavi ya chini ni siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima wa huduma. Aliyefanya kazi miaka 4 anadai siku 42 za kazi. Wasipompa siku hizo, wamlipe thamani yake pamoja na marupurupu. Ongeza likizo isiyochukuliwa na mshahara wa siku zilizofanywa. "Décompte final", hesabu ya mwisho ya fedha zako, inapaswa kulipwa ndani ya siku 2 za kazi baada ya kazi kwisha. Unaweza kuipokea fedha bila kuuza haki yako: andika kwa mkono wako karibu na sahihi, "sous réserve de tous mes droits", yaani haki zangu zote zinabaki. Wakikukataza kuandika hivyo, hiyo nayo ni habari ya kumpelekea enspekteri.

Hatua ya sita: amua kama utapigana

Hapa nasema wazi ninavyofikiri. Si kila faili yenye haki inafaa kupelekwa mbele. Kikao cha mahakama ni cha wazi, na Lubumbashi ni jiji kubwa lenye masikio ya kijiji. Kama familia yako haijui, kama unaishi nyumba ya baba yako kwenye komini ya Kenya au Ruashi, hesabu kwanza nini kitatokea jina lako likitajwa na avoka (wakili) wa upande wa pili. Watu wengine wanachagua kudai preavi, likizo na cheti tu, wanaacha suala la sababu. Huo si uoga. Ni hesabu, na anayeifanya ni wewe peke yako. Hata chama kinachokutetea kisikusukume uwe mfano.

Kama kuna vitisho vya kupigwa au mtu anakudai fedha ili anyamaze, hifadhi ujumbe, mwambie mtu mmoja unayemwamini ulipo, na usilipe. Anayelipwa mara ya kwanza hurudi.

Hatua ya saba: kwa enspekteri wa kazi

Huwezi kuruka hatua hii. Kifungu cha 298 kinasema mahakama ya kazi haipokei kesi ambayo haikupitia upatanisho mbele ya enspekteri wa eneo. Andika malalamiko, ambatisha kontra, karatasi za mshahara, demande d'explication, jibu lako, barua ya kufukuzwa. Sababu ya malalamiko iite "résiliation sans motif valable", kuvunja kontra bila sababu halali. Usiiite ubaguzi dhidi ya mashoga. Hapa baadhi ya wanaharakati watanikasirikia, lakini maneno hayo manne yanatosha kisheria, hayakulazimishi kuthibitisha wewe ni nani, na yanamwachia mwajiri mzigo wa kutaja jambo la chumbani mbele ya mtumishi wa Leta. Wengi wakifika hapo wanaona aibu wao, wanaanza kuzungumza fedha.

Enspekteri atawaita wote wawili. Nenda na mjumbe wa sendika ukimpata. Mkipatana, hakikisha kiasi na tarehe ya malipo vimeandikwa, pamoja na sentensi kwamba hakuna upande utakaoeneza sababu za kuachana. Msipopatana, usitoke bila procès-verbal de non-conciliation, hati ya kwamba hamkupatana. Hiyo ndiyo tiketi ya mahakama. Enspekteri naye ni mtu wa dini yake. Akianza kukuhubiria, msikilize, kisha omba procès-verbal.

Hatua ya nane: mahakama ya kazi

Muda: madai yanayotokana na kontra yanakufa baada ya miaka 3, lakini madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1. Usisubiri moja ukapoteza lingine. Asiye na fedha ya avoka aulize barreau (chama cha mawakili) kuhusu Bureau de consultations gratuites, ofisi ya mashauri ya bure.

Jaji anakaa na wasaidizi wawili, mmoja wa upande wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Akikubali kwamba hakukuwa na sababu halali, sheria inaanza na kurudishwa kazini. Isipowezekana, na kwa kanisa ni vigumu kufikiria inawezekana, inakuja fidia inayopimwa kwa aina ya kazi, miaka ya huduma na umri, isiyozidi mishahara ya miezi 36. Nani anapata miezi 36? Usiipigie hesabu.

Avoka mzuri ataongeza mikataba ya kimataifa, kwa kuwa kifungu cha 215 cha Katiba kinaiweka juu ya sheria za kawaida. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976, na kamati ya mkataba huo ilisema mwaka 1994, katika kesi ya Toonen dhidi ya Australia, kwamba neno "jinsia" linabeba pia mwelekeo wa mapenzi. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1987, unadai sababu halali kama kifungu cha 62. Mpe avoka hoja hizi kwa mpangilio: 62 kwanza, tarehe pili, usawa wa kipimo tatu, mikataba mwisho. Ukianza na Toonen, chumba kizima kitaanza kuzungumzia ushoga na kuisahau barua.

Kwa mwajiri: padri, mama mkuu, pasta

Una haki nyingi. Unaweza kuchagua katekista, mwalimu wa dini, mtangazaji wa ibada na msemaji wa kanisa kwa kipimo cha imani na maisha. Unaweza kukataza mahubiri yanayopinga mafundisho yako ndani ya jengo lako. Unaweza kumwadhibu yeyote, awe anapenda nani, kwa mapenzi ya ofisini, kwa kumsumbua mwenzake, kwa kugusa mgonjwa au mwanafunzi. Hapo kifungu cha 62 na cha 74 vyote viko upande wako, na ningekuambia usichelewe.

Basi tenganisha kazi kabla ya kuajiri. Andika kwenye kontra za wale wachache wanaobeba sauti ya kanisa kwamba maisha yao ni sehemu ya kazi yao, na ueleze maana yake. Kwa mlinzi na mpishi toa sentensi hiyo. Ukiiweka kwa wote bila kuitumia kwa wote, siku utakapoihitaji kweli itakuwa imekufa.

Wakatoliki wananiletea barua ya maaskofu wa Afrika ya Januari 2024, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ambongo. Barua hiyo ilikataa kubariki wapenzi wa jinsia moja. Ilihusu baraka, haikuhusu ajira. Katekisimu, namba 2358, inawaita waamini kuepuka kila alama ya ubaguzi usio wa haki kwa watu hao, na inasema hivyo palepale inapolaumu matendo yenyewe. Mama mkuu anaweza kuyashika yote mawili bila kumnyima muuguzi zamu.

Na ukiamua kumwachisha mtu, usitangaze altareni. Kifungu cha 74 cha Code pénal (sheria ya jinai), si kile cha kazi, kinaadhibu kumtwisha mtu hadharani tuhuma inayoharibu heshima yake. Cheti cha kazi mpe ndani ya siku 2 za kazi: aina ya kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, namba ya usajili. Sheria inasema hakuna neno lingine linaloruhusiwa kuongezwa hapo, hata "aliondoka kwa sababu za kimaadili". Mwajiri wa pili akikupigia simu kuuliza, mwambie cheti kimeandika vya kutosha.